Mwonja Katuni

Ugomvi wote ulianzia kwenye mwiko. Chiriku, mwenye umri wa miaka minne na mdomo usiojua likizo, alimtandika nao mtoto wa jirani utosini, kisha akarudi nyuma kidogo, akakunja mikono, akasubiri. Alikuwa anasubiri nyota. Asubuhi ile kwenye katuni alimwona sungura akipigwa nyundo ya kichwa, nyota na vindege vikamzunguka, halafu sungura akajikung'uta akaenda zake akipiga mluzi. Mtoto wa jirani hakutoa nyota. Alitoa nundu kama limau, pamoja na kilio kilichowatoa watu bafuni na mapovu yao.

Mama yake Chiriku aliporudi kazini jioni alikuta kesi imejaa kibarazani. Yeye ni muuguzi wa wodi ya mifupa. Walioanguka, walioangushwa na walioangushana ndio anaoshinda nao kutwa. Aliomba radhi, akamkanda mtoto wa watu nundu yake, akaingia ndani, akafunga mlango. Ndipo akamgeukia mama yake mzazi, ambaye ndiye anayekaa na Chiriku mchana, kwa kuwa baba mtoto ni dereva wa lori na nyumbani hupita kama mgeni.

"Mama, huyu huwa anaangalia nini?"

"Katuni. Za watoto."

"Nani kakwambia ni za watoto?"

"Si zina sungura?"

Muuguzi akavua viatu, kimoja kimoja, polepole, na Bibi akajua hapo pana jambo.

"Mama, likitokea jingine, Chiriku nampeleka kwa bibi yake mzaa baba. Sitanii. Kule hakuna televisheni. Kuna uwanja na kuku."

Bibi alijifanya anaokota mwiko chini, maana uso wake ulikuwa hautazamiki. Yule bibi mwenzake hakuwa mtu mbaya, na balaa lenyewe ndilo hilo. Angekuwa mbaya, Bibi angelala usingizi wake wote. Mtoto angerudi mwenyewe mbio. Lakini yule alikuwa mpole, msafi, mwenye meno yake yote, na kuku juu. Mtoto akishazoea wema wa namna ile, nani atamkumbuka kizee ambaye akiinuka magoti yanalia kama bawaba?

Na Bibi bila Chiriku angebaki na nani? Waliitana mke mwenza, yeye na mjukuu wake. Mume waliyechangia, yaani babu, alizikwa kabla mdogo hajazaliwa, lakini hilo halikuwazuia kugombana kila asubuhi juu ya nani alipendwa zaidi.

Basi Bibi akaamua kuifanya kazi hii kama alivyofanya kazi zote: kipishi.

Kabla magoti hayajamstaafisha, alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Pale palikuwa na amri moja isiyochezewa. Chakula kikishaiva, mpishi anajipakulia bakuli, anakula mbele ya mwalimu wa zamu, kisha anakaa kitako juu ya kigoda, wote wanamtazama. Asipokunja uso wala kushika tumbo, kengele inagongwa, watoto wanakula. Na ulimi ukikataa tangu kijiko cha kwanza, hakuna cha kumalizia bakuli: unatema, sufuria inamwagwa. Miaka yote ile hakuna mtoto aliyelazwa kwa chakula cha Bibi. Walimu wawili watatu waliharisha, lakini hao walikuwa wakidokoa kabla ya kengele.

Asubuhi yake alimshika Chiriku mkono wakashuka ngazi hadi kwa fundi. Kibanda cha fundi kiko chini ya jengo lao, kimejaa televisheni zilizofunguliwa migongo, nyaya zinaning'inia kama matumbo, na harufu ya risasi inayoyeyushwa. Mbali na kutengeneza, fundi huwajazia watu katuni kwenye flashi.

"Shikamoo Bibi. Leo imekufa sauti au picha?"

"Marahaba. Imekufa adabu. Nataka katuni safi."

"Zangu zote safi. Picha haichezi hata kidogo."

"Sisemi picha, we mtoto. Nasema tabia. Nataka isiyopiga mtu, isiyotukana, isiyodanganya mama yake."

Fundi akajikuna kichwa kwa bisibisi. "Bibi, kwa masharti hayo hata mimi mwenyewe siingii kwenye flashi."

"Wewe nani atakuangalia? Jaza zote ulizonazo. Nitazichambua mwenyewe."

"Zote? Basi nimepata mkaguzi," alisema fundi. Kuanzia siku hiyo hakumwita tena Bibi. Akawa Mkaguzi.

Kazi ikapangwa hivi. Mchana, baada ya kula, Chiriku analazwa chumbani na mlango unarudishiwa. Bibi anavuta kigoda mpaka mbele ya televisheni, anapunguza sauti hadi inanong'ona, anaonja. Katuni ikipita, mjukuu anapakuliwa kesho yake asubuhi. Ikikataa, Bibi anabonyeza rimoti hapo hapo, paa, kioo kinakuwa cheusi, na katuni ile haionekani tena humo ndani.

Nyingi zilikataa. Alikuwepo mjusi aliyemwambia mama yake ameshaoga kumbe amejipaka mate: paa. Alikuwepo mfalme wa panya, anawafungia wenzake ndani ya chupa huku akicheka kwa sauti ya pipa tupu: paa. Alikuwepo paka mdogo mwenye shingo ndefu ya udadisi. Huyu Bibi alianza kumpenda, mpaka alipopanda juu ya paa la nyumba na mwavuli, akaufungua, akaweka mguu mmoja mahali pasipo na kitu. Mwavuli ukajaa upepo. Paka akaelea, anatabasamu. Bibi, ambaye binti yake hulala akisimulia mifupa ya watoto, alizima kwa dole gumba haraka, na jioni ile hakula.

Zilizopita zilikuwa chache, na ukweli usemwe, hazikuwa na chumvi. Alipita konokono anayenawa mikono. Chiriku alimtazama asubuhi moja, akamtazama ya pili, akageuka.

"Bibi, huyu konokono ananawa mikono gani? Ana mikono?"

"Ananawa ile ambayo angekuwa nayo. Tazama."

Lakini nyumba ilitulia. Bibi akaanza kupumua. Binti yake akirudi akiuliza, "Mmeshindaje?" anajibu, "Salama kabisa," na ilikuwa kweli.

Halafu haikuwa kweli tena.

Kwanza ilikuwa kuoga. Chiriku alitoka bafuni amependeza, nywele zina unyevu mbele tu. "Nimeshaoga," akasema. Bibi akamgusa shingo: kavu, na kwenye paji la uso pana mate. Konokono hakumfundisha hayo.

Kisha akaikuta chupa ya jamu chini ya kitanda, imefungwa kwa nguvu, ndani mna soksi za baba mtu zimebanwa. "Mmekamatwa," Chiriku alikuwa akiziambia soksi, kisha akacheka. Hicho kicheko! Kilitoka chini kabisa tumboni, kizito, cha pipa tupu. Bibi aliificha chupa nyuma ya ndoo ya unga, akarudi kukaa, akasimama tena kuitazama kama bado imejificha.

Yatoka wapi? Alimshuku fundi, kwamba anachomeka uchafu kati ya katuni safi. Akashuka kumsaili.

"Mkaguzi, mimi hata kula sina muda, nitapata wapi muda wa kumharibu mke mwenzako?"

Akaishuku televisheni ya jirani, akaegemeza sikio ukutani akasikia mahubiri. Mwishowe akamshuku hata marehemu mumewe, maana upande ule kulikuwa na mjomba aliyekuwa akicheka hivyo, na yule mjomba aliishia kufungwa.

Sasa kila jioni, viatu vya binti yake vikisikika kwenye ngazi, Bibi anafuta kiti kisicho na vumbi.

"Mmeshindaje?"

"Salama."

"Mbona unaniambia salama huku unatazama ndoo ya unga?"

"Natazama unga. Unakwisha."

Muuguzi akaitazama ndoo, akamtazama mama yake, akaenda kuoga. Bibi akabaki amekaa, mikono katikati ya magoti, anajiuliza itakuwa lini, na itakuwa nini.

Ilikuwa mchana, wakati wa kuonja. Mvua ilikuwa imekatika, upepo bado upo. Bibi alikuwa amemkazia macho sokwe mmoja aliyeonekana kama atapita, akahisi ubaridi kwenye visigino. Mlango wa nje haukuwa umefungwa sawasawa. Aligeuka auegemeze, na jicho likaanguka kwenye msumari nyuma ya mlango. Msumari ulikuwa mtupu. Mwavuli hutundikwa pale.

Alisukuma mlango wa chumbani. Shuka imekunjuliwa, mto upo, mtu hayupo.

Hakukimbia, magoti yale hayakimbii. Lakini hajui alifikaje kibarazani. Wanakaa ghorofa ya kwanza, na kibaraza kina ukingo wa ukuta unaomfika mtu mzima kiunoni. Chini yake ni sakafu ya saruji yenye mabomba ya maji. Ndoo ilikuwa imefudikizwa kando ya ukingo. Juu ya ukingo alisimama Chiriku, pekupeku, kampa Bibi mgongo, mwavuli mweusi umefunguka juu ya kichwa chake.

Sauti ilimjia Bibi kooni, akaimeza. Akipiga kelele, mtoto atashtuka.

"Moja, mbili, nne," Chiriku alikuwa anahesabu. Akasita, akaona pana kitu kimepungua. "Moja, mbili..."

"Mke mwenza," Bibi akaita, kwa sauti ile ile anayomwitia chai. "Unakwenda wapi na mwavuli wangu?"

"Naruka."

"Unaruka na mali yangu hata kuniaga huniagi?"

"Paka hakuaga."

Nywele zikamsimama Bibi. Paka yule Bibi alimwangalia peke yake, mlango umerudishiwa. Akasogea nusu hatua. Upepo ukauinua mwavuli kidogo, na visigino vya Chiriku vikainuka nao.

"Huo mwavuli umeonjwa?"

Chiriku akafikiri. "Bado."

"Ala! Unataka kuruka na kitu ambacho hakijaonjwa? Humu ndani mwonjaji nani?"

"Wewe. Lakini ukionja utamaliza zamu yangu."

"Nitaruka kidogo tu. Mimi mke mkubwa, natangulia, halafu wewe. Geuka unipe. Polepole, mama, usiuchane."

Chiriku akageuka. Na alipogeuka, mwavuli ukageuka naye, ukala upepo wote wa kibaraza, ukamvuta. Bibi aliona vidole vya miguu vinaacha ukuta. Alirusha mikono yake yote miwili, akashika alichokishika: gauni, na mguu ndani ya gauni. Wakaanguka pamoja, ndani, juu ya ndoo, na ndoo ikapasuka. Mwavuli ukaenda peke yake. Haukuelea. Ulijipindua, ukashuka kama jiwe, ukajipigiza kwenye mabomba, mbavu zote nje.

Sauti ya fundi ikatoka chini: "Mkaguzi! Siku hizi miavuli inamwagwa kutoka juu?"

Bibi alikuwa amekaa sakafuni, amemfumbata mtoto mpaka mtoto analalamika.

"Bibi, unanibana. Bibi, moyo wako unapiga mlango."

"Paka ulimwona wapi?" Bibi akanong'ona.

"Pale kwenye ufa wa mlango. Ukiwa unaonja. Namwonaga kila mtu. Na mjusi, na mfalme."

Hapo Bibi akafumba macho. Miaka yote jikoni, alichokionja yeye kiliingia kinywani mwake na kikaishia hapo. Nani angemwambia kwamba hiki, ukikionja wewe, kinamezwa na kila mwenye jicho? Kila taka aliyoitema, mtoto aliimeza nyuma yake, na konokono peke yake ndiye aliyemshinda kumeza.

Fundi alipanda na mifupa ya mwavuli mkononi. Alipoona ndoo iliyopasuka na Bibi sakafuni, utani ulimwisha. Alimsaidia kuinuka, akamkalisha.

"Mwavuli nitaunyoosha kabla mama mtoto hajarudi," alisema taratibu. "Ndoo nitakuletea ya kwangu, zinafanana. Hatajua mtu."

Akaondoka, na Bibi akabaki na maneno yale mchana kutwa. Aliyageuza huku na huku. Akisema, mtoto anaondoka. Mfuko wa safari upo juu ya kabati, ni kuushusha tu. Asiposema, mtoto anabaki, ukingo unabaki, na hapa duniani miavuli haiishi. Alijaribu kujiambia kwamba atamlinda zaidi. Lakini alijua alivyomlinda leo: kwa pindo la gauni na bahati ya mtoto asiyeijua tatu.

Viatu vikasikika kwenye ngazi. Bibi akasimama, akashika mgongo wa kiti.

"Mmeshindaje?"

"Vibaya," akasema. "Kaa nikueleze."

Akaeleza yote, toka chupa ya soksi mpaka vidole vilivyoacha ukuta. Muuguzi alisikiliza akiwa bado na mkoba begani. Ilipofika habari ya ukingo akanyanyuka, akaenda chumbani, akamtazama Chiriku aliyekuwa akichora, akampapasa mikono, miguu, mbavu, kama wanavyopapasa wodini. Akarudi na mfuko wa safari.

"Nakuelewa," Bibi akasema. "Gauni la njano halijakauka." Akaenda kulianua.

Aliporudi na gauni mkononi alimkuta binti yake amekaa kwenye kigoda, mfuko mapajani, bado mtupu.

"Mama, hivi yule paka alifanyaje?"

"Alipanda juu ya..."

"Nimesikia. Baadaye alifanyaje?"

"Sijui. Nilizima."

"Ulizima akiwa wapi?"

Bibi akalikunja gauni, akalikunjua. "Hewani."

"Kwa hiyo mwanangu anajua paka yuko hewani mpaka leo."

Bibi akaliweka gauni kwenye kiti.

"Washa," akasema muuguzi.

Wakakaa watatu. Chiriku akaitwa, akajipenyeza katikati. Paka akapanda, akafungua mwavuli, akaweka mguu mahali pasipo na kitu, akaelea, akatabasamu. Dole gumba la Bibi likaruka lenyewe. Binti yake akamshika mkono. Mwavuli ukajipindua. Paka akapita katikati ya kamba za nguo, akatua kwenye miiba, akalia kilio ambacho Bibi hakukitarajia kwa katuni. Kisha kitandani, mguu mweupe juu ya mto, na nje ya dirisha paka wenzake wanacheza mpira. Walicheza muda mrefu. Yule wa kitandani aliwatazama muda wote.

Chiriku alikuwa ametia kidole mdomoni.

"Kumbe aliumia."

"Aliumia," akasema mama yake. "Na wamemfunga vibaya, hiyo plasta mpaka mkiani. Angekuja wodini kwetu ningemfungua nianze upya."

Hakuna aliyecheka sana, lakini Bibi alihisi mkono uliomshika umelegea.

Wakamwangalia na mfalme wa panya, naye aliishia kunasa ndani ya chupa yake, wakamtoa wale wale aliowafungia. Wakamwangalia sungura mpaka mwisho. Huyo alipigwa nyundo, akapigwa kikaango, akapigwa mlango, akaenda zake akipiga mluzi, na mwisho ukafika bila ya mtu kuuguza chochote.

"Hii ni takataka," akasema muuguzi. "Kwa hii, kuzima ni sawa, mama. Ifute."

Mfuko aliurudisha juu ya kabati, lakini hakuusukuma hadi ukutani. Mkanda ulibaki ukining'inia.

"Wiki hii abaki. Nimesema wiki hii, sikusema mwaka. Huo mlango wa nje fundi aje aufunge komeo la juu, kesho hiyo hiyo. Na habari ya kuonja peke yako imekwisha. Mnaangalia pamoja, mpaka mwisho. Ukizima, unamwambia kwa nini."

"Nimesikia," akasema Bibi, kama yeye ndiye mtoto.

Asubuhi wakakaa, mke mkubwa na mke mdogo, kigoda kimoja na mto mmoja. Bibi hakuwa amelala vizuri na hakuwa ameonja chochote. Ilikuwa katuni ya bata na watoto wake. Hakujua ina nini ndani. Wakaogelea, wakaimba, mambo yakawa mazuri. Halafu bata mdogo wa mwisho akafuata kereng'ende, akaingia kwenye matete, akageuka, hakumwona mtu. Muziki ukanyamaza. Matete yakawa marefu na meusi.

Chiriku akamng'ang'ania mkono. Macho yakajaa maji, kidevu kikaanza kucheza. Bibi alivumilia, akavumilia, kisha akanyanyua rimoti. "Basi, basi, tunazima. Nakwambia na sababu: inatisha."

"Usizime!"

"Unalia, mama."

"Nalia lakini usizime. Ukizima atabaki amepotea."

Bibi akamtazama. Akaitazama rimoti, akaisukuma chini ya paja lake, akaikalia, na mikono yote miwili ikapata nafasi ya kumshika mtoto. Kwenye kioo bata mdogo aliita. Hakujibiwa. Akaita tena, kwa sauti nyembamba zaidi, na humo chumbani hakuna aliyepumua.